Mchagua Jembe

Kuna methali ambayo wazee wetu huichomoa kila kijana anapoonekana kusitasita: mchagua jembe si mkulima. Maana yake unaijua. Chukua lililopo, ingia shambani, acha maneno mengi. Nimeisikia ikirushiwa watoto waliokataa shule ya kutwa na vijana waliokataa kazi ya mjengo. Mwaka huu nikaisikia ikirushiwa mdogo wangu, ambaye alichofanya ni kuuliza tu tofauti kati ya diploma ya uuguzi na digrii ya uuguzi kabla ya kujaza fomu.

Nataka kubishana na methali hiyo, kwa heshima zote. Mkulima anayeujua udongo wake huchagua jembe. Lakini swali lililoninyima usingizi ni lingine. Nani ana haki ya kuchagua jembe: atakayelishika, au atakayelinunua? Nauliza kwa sababu mnunuzi wa jembe hili, kwa sehemu kubwa, ni mimi.

Tuanze na majembe yenyewe, maana watu wengi hubishana bila kuyajua.

Hapa Kenya, aliyemaliza kidato cha nne na anataka kuwa nesi aliyesajiliwa ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni diploma. Inachukua miaka mitatu, inahitaji wastani wa C kwenye KCSE pamoja na alama zinazokubalika katika masomo kama Bayolojia, na wengi huisomea KMTC, chuo cha serikali kilichoanza 1927 na ambacho leo kina kampasi zaidi ya 70 kote nchini. Ya pili ni digrii, ile BScN. Wastani wa chini ni C+, unasoma miaka minne chuo kikuu, halafu unafanya mwaka mmoja wa intanshipu hospitalini. Njia zote mbili zinaishia kwenye mlango mmoja: mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya na leseni. Ukilazwa usiku ukiwa na homa, nesi akija kukutafuta mshipa wa kuwekea dripu, hutamuuliza alipita njia gani.

Tofauti huonekana kwenye payslipu. Katika utumishi wa umma, mwenye diploma kwa kawaida huanzia daraja la H na mwenye digrii huanzia K. Tofauti huonekana pia mtu akitaka kufundisha, kusoma masta au kupanda hadi usimamizi, ambako digrii hufungua milango bila kubisha hodi mara mbili.

Sasa weka pesa. Mdogo wangu alipata C+. Kwenye karatasi anastahili digrii. Ila nafasi za uuguzi katika vyuo vikuu vya umma hugombaniwa, na C+ ya kubahatisha haifiki mbali kwenye foleni hiyo ya KUCCPS. Angeipata, kungekuwa na mkopo wa HELB na ule mfumo wa 2023 uliowagawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia, mfumo ambao umeburutwa mahakamani tangu hapo. Hakuipata. Kwa hivyo mezani palibaki barua mbili: moja ya KMTC, nyingine ya chuo kikuu cha kibinafsi kilichotaka zaidi ya laki mbili kwa mwaka, kabla ya chakula, nyumba, sare na nauli ya kwenda kufanya mazoezi hospitalini. Zidisha mara nne. Kisha ongeza ule mwaka wa intanshipu, ambao wahitimu wengine husubiri sana kabla ya kutumwa. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wamewahi kuandamana Nairobi kwa sababu hiyo hiyo.

Kulikuwa na barua ya tatu, ya ajenti. Huyo alikuwa anauza Ujerumani: unajifunza Kijerumani, unaingia kwenye mafunzo yao ya uuguzi ya miaka mitatu, unasoma huku unalipwa. Mpango huo upo kweli na vijana wa Kenya wameenda. Shida ilikuwa bei ya ajenti, na haraka aliyokuwa nayo ya kutaka tutume deposti kabla ya Ijumaa. Hiyo tuliiweka kando.

Kikao kilifanyika nyumbani, upande wa Trans Nzoia. Mama alisema ng'ombe anaweza kuuzwa. Shangazi alisema digrii, kwa sababu mtoto wa jirani anasoma digrii na hatuwezi kuchekwa. Mjomba ndiye aliyetoa ile methali ya jembe. Kisha mama akanigeukia: "Wewe ndiye uko Nairobi, na wewe ndiye utalipa. Sema basi."

Sentensi hiyo fupi ina falsafa nzima ndani yake. Wewe ndiye utalipa, sema basi. Wengi wetu tumelelewa ndani yake. Aliyekulipia karo ana neno kuhusu kozi yako, kazi yako, hata mtu utakayemuoa. Na tukubali ina mantiki. Pesa haikuanguka kutoka mbinguni. Ni muda wa mtu. Laki nane zangu ni miaka ya kuamka saa kumi na moja kuwahi matatu. Nikiitoa, nimetoa kipande cha maisha. Kwani haki iko wapi nikitoa kipande cha maisha yangu halafu niambiwe ninyamaze?

Lakini angalia upande wa pili. Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu aliniambia: "Kaka, wewe sema tu ile ambayo haitakuumiza." Alikuwa ameacha kufikiria maisha yake na kuanza kufikiria mfuko wangu. Alikuwa tayari kuishi miaka arobaini ndani ya kazi iliyopimwa kwa mshahara wangu wa sasa. Nikaona jinsi fadhila inavyoweza kumla mtu bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Kulikuwa na shida nyingine, ambayo ni yangu. Mimi nina maslahi. Nina akiba kwenye sacco na nina mipango yangu. Diploma ingeniachia nafasi ya kupumua, digrii ya kibinafsi ingenikaba hadi 2030. Kwa hivyo nikisema "diploma inatosha," nani atajua kama ni ushauri au ni kujitetea? Mimi mwenyewe nisingejua. Mshauri anayefaidika na ushauri wake si lazima awe mwongo, lakini ana wajibu mmoja: aseme anafaidika nini. Niliwaambia wazi. Nikataja kiasi ninachoweza kwa mwaka bila kukopa, nikasema diploma inanifaa mimi pia, nikasema wasikilize maneno yangu wakijua hilo. Shangazi hakufurahia. Katika familia zetu pesa hutajwa kwa mafumbo, na mtu anayetaja namba huonekana bahili. Mimi naona namba ikitajwa mapema inaokoa heshima ya kila mtu. Mtoto anayeondoka chuoni mwaka wa pili kwa sababu karo imekwisha alijengewa daraja lililofika katikati ya mto tu.

Kwa hivyo nikakubali nusu ya neno la mama. Anayelipa ana haki mbili. Ana haki ya kuweka kikomo, na ana haki ya kuambiwa ukweli kuhusu pesa yake inakwenda kufanya nini. Haki ya tatu, ile ya kuchagua lengo la maisha ya mwingine, hanunui kwa karo.

Hapo ndipo mambo yakawa magumu, maana nilimuuliza mdogo wangu lengo lake, naye akalisema: "Nataka kwenda majuu."

Kimya. Mama akauliza taratibu, "Na mimi nikizeeka, nani atanidunga sindano?" Mama hakuwa anatania. Zahanati ya karibu na kwetu ina nesi mmoja zamu nyingi. Akienda mkutano, zahanati imeenda mkutano.

Ukisema mbele ya Wakenya kwamba unasomea uuguzi ili uondoke, kuna neno utarushiwa: wito. Uuguzi ni wito, utasikia. Wanaohesabu mshahara hawana wito. Nimelifikiria neno hilo sana na nimeanza kuliogopa kidogo. Sio kwamba halina ukweli. Nawajua manesi wanaokaa na mgonjwa saa moja baada ya zamu kuisha, hakuna anayewalipa saa hiyo. Anna Qabale Duba, muuguzi wa Marsabit aliyeshinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster mwaka 2022 kule Dubai, alijenga shule kijijini kwao na kupambana na ukeketaji, mambo ambayo hayamo kwenye mkataba wa nesi yeyote. Wito upo.

Ninachoogopa ni nani analitumia neno hilo, na wakati gani. Mwaka 2017 manesi wa hospitali za umma waligoma karibu miezi mitano, na walioulizwa kuhusu wito walikuwa wao, si walioacha makubaliano yakae kabatini. Mwaka 2020 serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa kandarasi chini ya mpango wa afya kwa wote, na miaka iliyofuata wahudumu hao wakawa barabarani wakidai ajira ya kudumu. Nchi za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kwamba zitatenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijawahi kuizoea namba hiyo. Mtu anayetaka ufanye kazi bila kukulipa vizuri ana faida kubwa ukiamini kwamba kuuliza bei ni dhambi. Msichana wa miaka 19 akiuliza digrii inalipa ngapi na diploma ngapi, hajapungukiwa na moyo. Ameuliza swali ambalo wakubwa wake walipaswa kumjibu kabla hajauliza.

Lakini swali la mama halijajibiwa. Nani atamdunga sindano?

Mwanafalsafa wetu Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake 1995, aliandika kuhusu kima cha chini cha ubinadamu. Kwa maneno yangu, hoja yake ni kwamba kila mtu, popote alipo, anadai vitu vichache ambavyo bila hivyo hawezi hata kuzifaidi haki nyingine: usalama wa mwili, afya, na riziki ya kumweka hai. Na dai hilo halikomi mpakani. Ni deni la dunia, si hisani ya tajiri kwa maskini.

Nikiichukua hoja hiyo hadi Trans Nzoia, naona mambo mawili. La kwanza, mama ana dai la kweli. Akiwa mgonjwa, kuna mtu anawiwa naye sindano hiyo. La pili, mdaiwa si mdogo wangu peke yake. Mdaiwa ni kaunti, ambayo tangu 2013 ndiyo inayoajiri manesi wa hospitali za mashinani. Ni serikali kuu. Na ni zile nchi tajiri ambazo zinachukua manesi waliofunzwa kwa kodi ya wakulima wa mahindi. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 inataka nchi zisiende kuvua manesi kwa makusudi kwenye nchi zenye uhaba mkubwa, na wakati huo huo inakubali kwamba muuguzi mwenyewe yuko huru kuhama. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wauguzi kwenda huko kwa njia rasmi. Unaweza kuyapenda au kuyachukia, lakini yana kitu kimoja ambacho kikao chetu kilihitaji: yamewekwa mezani, yakaandikwa.

Hapa ndipo nilipoona kwamba swali la familia na swali la nchi ni moja. Mlipa kodi ni kama mimi. Amechangia karo ya nesi huyu. Je, ana haki gani? Nasema zile zile mbili: kuweka kikomo na kuambiwa ukweli. Nchi ikitaka nesi aliyesoma kwa pesa ya umma afanye kazi hapa miaka kadhaa kabla ya kuondoka, iseme hivyo mwanzoni, iandike, na ihakikishe kazi hiyo ipo. Tayari mtumishi wa umma anayepewa likizo ya masomo yenye mshahara hutia sahihi kwamba atarudi kazini. Hakuna anayeona hilo ni dhuluma, kwa sababu aliambiwa kabla. Lisilo haki ni kumsomesha mtu bila sharti, kumwacha nyumbani bila kazi, kisha kumwita msaliti akiwa kwenye foleni ya pasipoti.

Na mwenye kusoma naye ana wajibu. Asidanganye. Kama lengo ni majuu, aseme ni majuu, hata kama mama atanyamaza mezani. Wengi huogopa, wanasema "nataka kusaidia jamii" kwa sababu ndiyo sentensi inayofungua mifuko ya harambee. Hiyo ni kuchukua pesa ya watu kwa jina la kitu kingine. Mwanakijiji aliyetoa mia mbili akijua unaenda London ametoa zawadi. Aliyetoa mia mbili akiamini utarudi zahanati ya kwao ametapeliwa, hata kama ni mia mbili tu.

Lengo lilipotajwa, hesabu ilibadilika. Tulidhani majuu inahitaji digrii. Si lazima. Uingereza na Marekani wanaangalia usajili wako, mitihani yao, na Kiingereza chako. Manesi wa diploma kutoka Kenya wamepita NCLEX wakaajiriwa Marekani, ingawa masharti hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Na karatasi pekee haitoshi kwa yeyote: Mutahi Kagwe alipokuwa waziri wa afya alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza wa kwenda Uingereza, 10 tu ndio waliopita. Kama lengo lingekuwa kufundisha chuoni au kuwa mtafiti, ningesema tukae tena, tuuze huyo ng'ombe, tutafute udhamini, kwa sababu hapo digrii ndiyo jembe lenyewe.

Diploma ina kitu kingine kinachomfaa mtu wa miaka 19. Baada ya miaka mitatu unaweza kupata leseni, ukatafuta kazi, halafu ukasomea digrii ya kuendeleza ukiwa kazini. Njia hiyo si ndoto ya mtu. Mwaka 2005 Amref pamoja na Baraza la Wauguzi walianza kuwafundisha manesi wa cheti hadi diploma kwa kompyuta, wakiwa kwenye vituo vyao, na leo vyuo kadhaa vinachukua manesi wa diploma hadi digrii. Akibadilisha mawazo mwaka wa pili, akapenda Kitale kuliko Leeds, mlango bado uko wazi.

Lakini rahisi ina gharama yake, na nililisema hilo pia. Atakayeanzia diploma atakaa daraja la chini kwa miaka. Atasoma usiku baada ya zamu, akiwa amechoka, pengine na mtoto mgongoni. Ukijumlisha miaka yote, anaweza kufika kwenye digrii akiwa amechelewa kuliko mwenzake aliyeenda moja kwa moja. Familia maskini hulipa kwa muda kile ambacho familia tajiri hulipa kwa pesa. Sitamwambia mdogo wangu kwamba njia hizo mbili ni sawa. Hazilingani, na kutolingana kwake hakukuanza na alama zake.

Alichagua KMTC. Yeye mwenyewe, baada ya siku tatu, na alituma ujumbe kwa kila mtu, mjomba akiwemo, akieleza sababu: karo tunaiweza hadi mwisho, lengo lake halijafungwa, na akienda ng'ambo ataenda kama mtu aliyeaga. Mama alimpigia simu. Sijui walizungumza nini kwa dakika arobaini, na sikuuliza.

Watu wameniuliza kama nitamdai. Hapana. Nilitaja kikomo changu, ameheshimu kikomo; nilitaka ukweli, nimepewa ukweli. Hesabu yangu na yeye imefungwa. Akitaka kusomesha mwingine siku moja, atakaa mezani na kutaja namba yake, na atakayesomeshwa atataja lengo lake. Swali la mama bado liko pale pale, na anwani yake ni ofisi za kaunti, ambako zahanati yetu imeombewa nesi wa pili na bado tunangoja.